Visanduku vya Bi Mwanakheir

Tangu Bi Mwanakheir ateleze kwenye ngazi za nyumba yake ya ghorofa, mtaani Malindi, watoto wake walikosa raha. Mansour, kitinda mimba, alitaka mama ahamie kwake Mangapwani, nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja. Thuwaiba, aliyeolewa Dar es Salaam, alisema mama akitolewa Malindi atanyauka. Walibishana kwenye simu mpaka ikawa salamu zenyewe za shida, na mama, kila akiulizwa, alijibu kuwa watakaloamua wao ndilo.

Mjukuu wake Nadra ndiye aliyeona njia. Kazi yake ilikuwa kutunga madodoso ya mtandaoni, yale wageni wa mahoteli hujaza kwenye simu zao, na kama mafundi wote alidhani chombo chake kinatibu kila kitu. Akatengeneza jedwali: ubavuni ngazi, maji, chakula na majirani, juu Malindi na Mangapwani, na kila vilipokutana, kisanduku kitupu cha kuandika. Suhail wa ofisini kwao alimwonya kuwa visanduku vingi vya kuandika humchosha mtu, bora aweke majibu ya kubonyeza. Nadra akamjibu kuwa bibi yake hachoki kusema. Hapo hakukosea.

Bi Mwanakheir alijaza vyote. Malindi aliiandikia mazuri matupu. Mangapwani vilevile: maji matamu, samaki wabichi, majirani waungwana, na kwenye ngazi, "Hakuna, Alhamdulillahi." Mansour alifurahi mpaka akapaka chumba rangi. Thuwaiba akaacha kubishana, maana mama kashasema kwa mkono wake.

Siku ya kufunga vyombo, Nadra alimkuta bibi yake amekaa juu ya godoro lililokunjwa, anapangusa kikombe kilichokwisha kupanguswa. Macho yalikuwa mekundu.

"Bibi, si uliandika kote kuzuri?"

"Sasa, mke mwenzangu," alisema Bi Mwanakheir, ambaye hata kwenye huzuni hakuacha utani wa bibi na mjukuu, "umeniletea visanduku vitupu, n'virejeshe vitupu? Mimi sikulelewa hivyo."

Nadra akakaa chini. Utotoni, katika nyumba hii hii, yeye ndiye aliyekuwa akitumwa na sahani za majirani. Iliyokuja na mkate wa kumimina ilirudi na maandazi, na kukikosekana kitu basi japo sukari, lakini tupu hairudi. Kasoma, kasahau, akampelekea bibi yake sahani nane kwa mpigo. Aliona haya, akacheka, kisha akamkumbatia kwa nguvu, maana alimpenda mno bibi huyu na nusura amhamishe kwa adabu za bibi mwenyewe.

Akalituma upya jedwali lile lile. Safari hii alikaa naye, akamwambia kuwa hivi si vyombo vya jirani, ni vyombo vya ndani, na ndani mtu hufunua chungu kitupu bila ya kuona haya. Bi Mwanakheir alivaa miwani. Kila akiruka kisanduku aliguna kama anayevuka mtaro.

Mansour akasoma. Malindi, maji: "Hayapandi juu." Chakula: "Nadra huja saa saba tukala, huo ndio utamu wake." Majirani: "Ndio walionizikia mume wangu." Ngazi: "Zinanitesa. Nitieni kamba ya kushikia."

Chini ya Mangapwani kote kulikuwa kutupu, isipokuwa kisanduku cha mwisho: "Mansour, nitakuja Idi. Usinune, mwanangu."

Mansour alinuna siku nzima. Kesho yake akaja Malindi na kamba nene begani, na mama akashuka naye ngazi moja moja kumwonyesha pa kufunga. Alipokuwa anaondoka, mama alimtilia samaki wa kupaka kwenye bakuli.

"Bakuli ulilete mwenyewe," alimwambia. "Hata tupu."