Mstari wa Tisa, Nafasi ya Kumi na Nne

"Imekataa tena," alisema msimamizi, akaisukuma kibodi mbele kama mtu aliyeletewa chakula kilichochacha.

Mfagizi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. Hakuambiwa aingie, wala hakufukuzwa. Ofisi ya makaburi ya mji ilikuwa chumba kimoja tu: meza, kabati la chuma, benchi la wageni, na dirisha lililotazama mistari ya vibao na mawe. Juu ya meza ilikaa kompyuta mpya, nyembamba, inang'aa, bado ina karatasi ya plastiki pembeni ambayo hakuna aliyethubutu kuibandua.

Kwenye benchi aliketi bibi mmoja mwembamba, mkoba wake mapajani, ameushika kwa mikono yote miwili. Mume wake alikuwa amefariki juzi. Mazishi yalikuwa kesho asubuhi.

"Bibi, usidhani nakuzungusha," msimamizi alisema. "Vitabu vya zamani vililiwa na mchwa. Karani wetu aliwahi kuviingiza vyote kwenye programu yake, lakini ni programu ya enzi hizo. Mashine hii haiijui kabisa. Naibonyeza, inanikodolea macho."

"Mume wangu alikuwa anapajua," bibi alisema. "Siku mtoto anazikwa mimi nilikuwa wodini, sijiwezi. Alikuja yeye na ndugu yake, wakarudi, basi. Kila mwaka alikuwa anakuja peke yake, mpaka miguu ilipomgomea. Huu mwaka wa kumi hajaja. Mimi sijawahi kutia mguu humu."

"Na hakukuambia ni upande gani?"

"Aliniambia, 'Siku yangu ikifika nilaze kando ya mtoto, nimetuachia nafasi.' Nikamwambia sawa. Nani anamuuliza mgonjwa ramani, mwanangu?"

Msimamizi alitazama saa ya ukutani, akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka miwili tu pale, na wachimbaji wake walikuwa vibarua wa kuja na kuondoka.

"Wachimbaji wanaanza saa nane," alisema. "Udongo wa huku ni mgumu, wakichelewa hapo, kesho hakuna shimo. Saa nane ikitukuta hatujapata, bibi yangu, tutachimba upande mpya. Ng'ambo ya barabara."

Bibi alifungua mkoba, akaufunga. Hakuwa amechukua kitu.

Mfagizi akaiweka ndoo chini. Alijua maneno yakitoka hayarudi.

"Ile ya karani ipo," alisema.

"Ile ipi?"

"Kompyuta ya karani. Uliniambia niitupe. Sikuitupa."

Msimamizi aligeuka na kiti chake chote. "Si ulinijibu 'ndiyo, bosi'?"

"Nilijibu, bosi."

Kwa miezi tisa, tangu karani afariki, ile kompyuta ilikuwa imelala kwenye stoo ya majembe, ndani ya mfuko mtupu wa saruji, juu ya matofali mawili ili mchwa wasiifikie. Kila Jumatatu mfagizi aliufungua mfuko, akaifuta vumbi, akaufunga. Shule aliishia darasa la saba, na ndani ya chuma kile hakujua kulikuwa na nini hasa. Ila alijua karani alivyokuwa akimwambia, huku akinyanyua miguu ili sakafu ipigwe deki: "Binti, mimi nikiondoka, hiki chuma wasikiuze kwa kilo."

"Ilete," msimamizi alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Mengine tutazungumza baadaye."

*

Fundi wa kompyuta alifika saa nne, mnene, jasho linamtiririka, begi limemvuta bega moja. Aliichomeka ile ya zamani kwenye umeme. Kimya. Akaipiga kofi dogo la kirafiki ubavuni. Kimya.

"Huyu amekwenda," alisema, kisha akamwona bibi benchini, akajiuma ulimi. "Samahani, mama. Nazungumzia chuma."

"Endelea na kazi, baba."

Akafungua skrubu, akatoa diski, kitu cha ukubwa wa kitabu kidogo cha maombi, akaiunganisha kwa waya na kuiweka sikioni. Uso wake ulibadilika. "Inazunguka. Inakoroma kama babu yangu, lakini inazunguka."

"Basi fungua hiyo programu," msimamizi alisema.

"Haifunguki hivihivi, bosi. Programu hii inataka mfumo wake wa zamani, na mfumo huo hauwezi kuendesha mashine mpya hii. Nitakachofanya, ndani ya hii mpya natengeneza kompyuta nyingine. Kompyuta pepe."

"Neno hilo," msimamizi alisema, "usilitamke makaburini."

Hata bibi alitabasamu, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Fundi alimgeukia mfagizi, labda kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa anatazama mikono yake. "Chukulia una nyumba mpya, dada. Mpangaji wa zamani hawezi kuishi humo, hajazoea. Basi unamjengea chumba chake ndani, na mlango wake, na kitanda chake kilekile. Anaamka humo anadhani bado yuko kwake. Hajui kama nje kuna nyumba nyingine."

"Na vitu vyake?"

"Vyote vinahamia naye. Kama vilivyo."

Kuhamisha kulichukua saa mbili. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo polepole kama konokono. Mfagizi alifagia, akamwagilia, akarudi, akautazama; ulikuwa haujafika nusu. Bibi alikataa chai, akapokea maji. Nje, wachimbaji wawili walikaa kwenye kivuli cha ukuta, majembe magotini.

Saa sita na robo kioo cha kompyuta mpya kikafunguka dirisha katikati, jeusi. Yakapita maandishi meupe. Kisha ukasikika ule mlio, nota nne za kupanda na moja ya kushuka, ambao mfagizi aliusikia kila asubuhi kwa miaka zaidi ya sita akiwa anakung'uta zulia la mlangoni. Mlio ule siku zote ulifuatwa na kikohozi cha karani.

Safari hii hakuna aliyekohoa.

Kukatokea picha ya karani, aliyoipiga mwenyewe kwa kamera ndogo kabla mfagizi hajaajiriwa: lango la makaburi, limeachwa wazi nusu, nyuma yake mistari ya mawe, na juu kushoto mnara wa maji wa mji. Vumbi la picha ile alilifuta mara nyingi kuliko alivyojifuta uso wake.

Fundi alifungua programu. Kioo cha ndani kikawa cha bluu. Akasogeza kipanya huku na huku. "Sasa huyu naye kakwama."

"Humo kipanya hakifanyi kazi," mfagizi alisema. "Bonyeza kitufe cha tatu cha juu. Ukiulizwa mwaka, andika, halafu shuka kwa mshale."

Fundi akamtazama, kisha akanyanyuka. "Kaa wewe."

Kiti kile alikuwa anakifuta, hajawahi kukikalia. Alijipangusa viganja kwenye gauni, akakaa ukingoni. Vidole vyake havikujua kuchapa, lakini vilijua njia, kama miguu inavyojua njia ya kisimani gizani. Kitufe cha tatu. Mwaka, bibi aliutaja. Mwezi. Mshale chini, chini, chini. Majina ya watu yalipita, na bibi alikuwa ameshasimama nyuma yake, pumzi yake inamgusa sikio.

"Hapo," bibi alisema. "Hilo ni jina la mume wangu."

Jina la marehemu: lilikuwa wazi. Umri: siku mbili. Aliyeleta: baba, fundi baiskeli. Mahali: mstari wa tisa, nafasi ya kumi na nne, kuhesabu kutoka langoni. Alama: pedali ya baiskeli. Na chini yake, nafasi ya kumi na tano: imeachwa.

"Imeachwa," bibi alirudia, na sauti yake ikakatika kama uzi.

*

Walitoka wote. Msimamizi alisimama langoni, akahesabu mistari kwa sauti, akiwa na haraka ya mtu aliyeona mwisho wa taabu. Saba, nane, tisa. Akaingia, akahesabu mawe. Kumi na mbili, kumi na tatu.

Kwenye nafasi ya kumi na nne lilikaa kaburi la zege, refu, pana, la mzee mmoja aliyezikwa miaka mitano kabla ya yule mtoto. Kushoto kwake zege. Kulia zege.

Walihesabu upya, na safari hii fundi naye alihesabu. Zege lilikuwa palepale.

"Karani alikosea," msimamizi alisema. "Au alinakili vibaya. Alikuwa mzee." Akatazama saa yake. Saa saba na nusu. "Bibi yangu, nimejitahidi."

Bibi hakulia. Aliketi kwenye ukingo wa zege lisilo lake, viatu vyake vimejaa vumbi, akasema taratibu, kama anayemwambia mtu wa nyumbani, "Nilimwambia sawa. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu."

Msimamizi akaanza kwenda kwa wachimbaji.

Mfagizi alibaki. Karani kukosea? Mtu aliyekuwa akirudia kusoma hata risiti ya sabuni? Akatoka nje ya lango, akageuka kulitazama, kama anavyolitazama kila asubuhi akija na fagio. Lango, mistari, mnara wa maji.

Mnara ulikuwa mkono wa kulia.

Alifumba macho, akaileta ile picha, pembe kwa pembe, kama aliyekuwa na kitambaa mkononi. Mnara ulikuwa kushoto. Karani hakuweza kuuhamisha mnara.

"Bosi!" aliita, na hakuwahi kuita kwa sauti ile. "Hili silo lango!"

"Unasemaje?"

"Lango la karani lilikuwa kwingine. Njoo uone picha. Au usije, njoo huku!" Alikuwa ameshaanza kutembea, akikata makaburi kwa njia zake za kila siku, mpaka ukuta wa nyuma ambako barabara kubwa ilipanuliwa. Hapo kwenye nyasi palikuwa na vichuma viwili vimekatwa usawa wa kifundo cha mguu, umbali wa toroli kupita kati yake. Kwa miaka saba alikuwa akivifagia pembeni na kuvilaani, maana vilishamchania viatu jozi mbili. Alisimama kati yake, akageuka.

Mnara ukawa kushoto.

"Hesabu," alimwambia msimamizi.

Walihesabu wakienda pamoja. Tisa ilikuwa sehemu ambayo watu hawakujenga, mawe madogo madogo, nyasi fupi. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne palikuwa patupu, na pembeni yake patupu vilevile, patupu pa mtu mzima.

Mfagizi alipiga magoti. Hakuomba jembe. Alitia vidole kwenye mizizi ya nyasi, akapapasa, akavuta, udongo ukamwingia kwenye kucha. Kitu kigumu. Akapangusa. Kutu, na katikati ya kutu, mpira mweusi wenye mistari, ule unaokanyagwa na mguu.

Bibi alifika akishikwa mkono na fundi. Aliitazama ile pedali. Akavua viatu vyake vyote viwili, akaviweka kando sambamba kama mtu anayeingia ndani, akakaa chini.

Mbali kidogo, wachimbaji walianza kuvua mashati.

*

"Ukitaka kuzima," fundi alisema akifunga begi, "anza na ya ndani. Iage kwanza, ndipo uzime ya nje. Ukikurupuka utamharibia mpangaji vitu vyake."

Msimamizi alikuwa dirishani, akisikiliza majembe. "Si umesikia?" alimwambia mfagizi bila kugeuka. "Anza na ya ndani. Na hiyo ndoo kesho iache nje, hapa ndani panataka mikono mikavu."

Wanaume walipotoka, mfagizi alibaki na bibi peke yao. Mfagizi aliandika kwa kidole kimoja kwenye nafasi ya kumi na tano, herufi moja moja, bibi akimtajia jina la mumewe. Kisha mshale ukapanda juu, ukasimama kwenye ule mstari uliokuwa wazi miaka thelathini na moja.

"Mlikuwa mmempa jina?" aliuliza.

Bibi aliutazama mstari ule. "Tulikuwa nalo. Hatukupata wa kumwambia."

Akainama, akalisema sikioni mwa mfagizi, polepole, kama mtu anayekabidhi kitu kilichojaa hadi ukingoni.

Mfagizi akaliandika. Programu ikauliza, kwa maneno yaleyale iliyomuuliza karani maisha yake yote: Hifadhi? N au H. Alama ndogo nyeupe ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Kwenye kona ya dirisha, nyuma ya ile bluu, kilionekana kipande cha picha: upande mmoja wa lango, na uwazi ulioachwa.

Nje, majembe yalikuwa yanapokezana. Bibi alinyoosha mkono, akaweka kidole chake juu ya kidole cha mfagizi.