Ubao wa Chini ya Ngazi

Ubao ule Mwenyekiti wa bweni la wasichana aliupigania kama mke mkubwa anavyopigania jiko. Zamani ukibandika karatasi kulalamikia choo kilichoziba, matroni aliichana kabla gundi haijakauka. Mwenyekiti akagoma, akaitwa ofisini, akarudi na ubao mweusi chini ya ngazi, boksi la chaki, na sheria ya kutunga mwenyewe: neno halifutwi, linajibiwa, na mwenye shida aandike namba ya chumba, fundi ajue pa kugonga. Matroni naye akaweka lake.

"Siku utakayofuta neno moja, mwanangu, mimi nafuta yote."

Ubao ukafanya kazi. Maji yakapanda hadi ghorofa ya juu, vitasa vikafunga, na mpishi aliyekuwa anapunja akaanza kujaza sahani huku kanuna.

Kisha akaja mtu mwenye mwandiko wa kulala. "Tangu wa ng'ambo ya mto waje, sabuni haikai. Wanaoga au wanakula?" Bweni zima likacheka. Mwenyekiti alicheka hadi akashika mbavu, naye amesimama ubavuni mwa mwenzake wa chumba, binti wa ng'ambo ya mto waliyempachika jina la Kimya kwa uchache wa maneno yake. Kimya akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole na mgeni wa heshima.

Mzaha mzaha hutunga usaha. Haukupita muda, sabuni ikasahaulika, wa ng'ambo wakaitwa panya. Halafu mwandiko ule ule: "Panya hafukuzwi. Anategwa mlangoni."

"Dada, lifute lile," Kimya alisema, akikunja nguo kitandani.

"Nikifuta hilo, kesho matroni anafuta la maji. Mjibuni! Hoja inajibiwa kwa hoja."

"Ile nayo ni hoja?"

"Jibuni tu. Tena wekeni namba ya chumba, ionekane hamjifichi. Yeye ni mwoga, ndiyo maana haweki yake."

Kimya alimtazama. "Umesoma wewe, mwenzangu." Haikuwa sifa.

Hata hivyo alishuka, akajibu, na wenzake wakamfuata. Huyu: "Tunalipa ada kama ninyi." Yule: "Njooni tuzungumze, chai ipo." Kila mmoja na namba ya chumba chake. Mwenyekiti akawa anapita hapo kifua mbele. Hakuna aliyekwenda kunywa chai. Chini ya majibu yote, mwandiko wa kulala ukaongeza neno moja: "Asanteni."

Jumapili mchana matroni alitoka kwenda kumwona mgonjwa. Mwenyekiti alikuwa akipandisha ndoo ya nguo mbichi alipoiona milango ya korido ya juu. Mmoja una alama ya chaki, ile ya kosa ambayo mwalimu huchora daftarini. Wa pili hauna. Wa tatu unayo. Yenye alama ilikuwa ni ile ile ya waliojibu ubaoni na namba zao, haukuzidi hata mmoja, haukupungua. Wa kwao, yeye na Kimya, ulikuwa na alama, na chini yake, kwa adabu zote: "Mwenyekiti, wewe hama kwanza."

Akachomoa shati ndooni, akashuka mbio, akafuta. Namba, majibu, panya, hata lile la maji lililomfanya aitwe ofisini. Wasichana waliokaa kwenye ngazi wakisukana walisogeza miguu ili apate nafasi. Mmoja wao akauliza kwa upole kabisa, kitana kikiwa mdomoni:

"Unafuta nini, dada? Tumeshasoma."

Mwenyekiti akapanda juu. Kimya alikuwa amesimama mlangoni, kipande cha chaki mkononi.

"Hapa usifute," alisema. "Hapa jibu."

Mwenyekiti akaipokea chaki. Akaandika: "Sihami." Huko chini ndala zikaanza kupanda ngazi, nyingi, bila haraka.

"Na namba ya chumba, dada," Kimya alisema. "Isije ikaonekana unajificha."