Picha ya Ubongo Uliopumzika

Shema alikuja dukani kwangu Kamembe na picha ya ubongo wangu kwenye simu, anacheka kama mtu aliyeleta zawadi. Ni mtafiti. Mwezi uliopita alinipeleka Kigali, akaniingiza kwenye mashine ya sumaku inayopiga kelele kama mafundi wanaogonga mabati, ili aone sehemu za ubongo zinavyozungumza zenyewe kwa zenyewe.

"Maman Patricie, ulifanya muzuri sana," alisema. "Haukutikisika hata kidogo. Ona, huu ndio ubongo uliopumzika."

Hasira ilinipanda.

"Nani alikuambia nilipumzika? Ulisema nilale, nisiwaze kitu. Mule ndani nilikuwa ninamuita mutoto wangu Kamikazi! Ni mudomo tu ulikuwa umefungwa."

"Maman, ni neno letu la kazi tu," alijitetea. "Muntu akilala kimya, tunasema amepumzika. Lakini ubongo wake hauachi kuzungumza. Hayo mazungumzo ndiyo tunatafuta."

"Basi tafuta neno lingine!" Niliipiga meza yangu ya kushonea, mkasi ukaanguka chini. "Hilo la kupumzika bantu baliliandika kwenye musalaba wa Kamikazi, kule makaburini Nkanka. Tangu siku hiyo kila anayeingia hapa ananiambia nipumzike. Sasa hata wewe na mashine yako!"

Shema alizima simu. "Pole, Maman. Sikujua."

"Sasa ujue. Aliyepumzika ni Kamikazi. Mimi bado."