Mpiga Tarumbeta Aliyeokwa

Kabati la kioo aliloachiwa Huguette na mama yake halikuwa na sahani hata moja. Siku mumewe, Fulgence, alipostaafu posta, sahani zilitiwa kwenye maboksi chini ya kitanda, na rafuni wakapanda askari wa Napoleon wa madini ya risasi, kimo chao kidole. Wote walikuwa askari wepesi, wale wa kutangulia vitani, wenye suruali za bluu. Ole wake mgeni aliyewachanganya na askari wa kawaida, wa suruali nyeupe! Fulgence angemsomesha mpaka supu ipoe.

Kikosi kilipungukiwa na mtu mmoja tu, mpiga tarumbeta. Fulgence alimpata wiki hiyo kwenye soko la vikuukuu kule Dijon, akampaka rangi upya, akamwacha jikoni akauke. Mwingine aliyemtafuta kwa udi na uvumba alikuwa Léonce, jirani yake na mpinzani wake katika chama cha wakusanyaji wa askari hao, na Jumapili hiyo Léonce alialikwa kula keki ya Wafalme.

Keki hiyo haiokwi bila kidude ndani. Anayekikuta kwenye kipande chake huvikwa taji la karatasi na kuitwa mfalme, na kidude kinakuwa mali yake. Huguette alitafuta kile cha kauri kila droo, wapi! Akachukua kilichokuwa karibu.

"Huguette, mpiga tarumbeta wangu yuko wapi?" Fulgence alinong'ona, keki ikiwa tayari mezani.

"Yule wa jikoni? Si ulisema walioharibika unawaweka pale? Yumo kwenye keki."

"Kwenye keki! Léonce akimpata, ndiyo basi tena!"

"Basi sali. Na upunguze sauti, mgeni amekaa."

Fulgence alinyakua kisu akakata mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane. Kisu kiligonga kitu kigumu. Moyo ukampasuka kwa furaha: sasa alijua kipande ni kipi. Lakini mgawaji si mkataji. Mdogo kuliko wote huingia chini ya meza ataje nani ale kipi, pasiwe na upendeleo, na mdogo wao alikuwa Huguette, bibi wa miaka sitini mwenye magoti mabovu. Aliingia na mto wake, akilalamika.

"Hiki cha nani?" Fulgence aliuliza, akimgusa kwa ncha ya kiatu. Akamgusa tena, safari hii ikampata mbavuni.

"Nani ananipiga mateke huku? Hicho cha Léonce!"

Léonce aliuma, akaguna, akatoa kitu kinywani. Alikifuta siagi, akachomoa kioo cha kukuzia mfukoni. Fulgence alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mara Léonce akaangua kicheko. Moto na siagi vilikuwa vimebandua bluu yote ya miguuni, ikabaki nyeupe ya msingi aliyoipaka Fulgence kwanza, na chamani mwao hakuna aliyetazama kitu kabla ya suruali.

"Suruali nyeupe! Fulgence, mzee mwenzangu, siku hizi unaokota hata hawa?"

"Macho, Léonce. Uzee huo," Fulgence alijibu kwa unyonge, akijibana asicheke.

"Kwangu haingii huyu. Shika, Huguette, utamwoka tena mwakani."

Mgeni aliondoka na taji lake kichwani. Fulgence alinyoosha mkono, machozi ya furaha yakimlengalenga. Huguette alimtia askari kwenye mfuko wa aproni.

"Ni wangu. Nimepewa na mfalme."

"Mke wangu, nakuomba! Nitakupa chochote!"

"Sahani za mama zirudi kabatini. Hapo ndipo tutaongea."

Fulgence, aliyeapa kila Jumapili kwamba askari wepesi hawarudi nyuma, alianza jioni ile ile kuwapandisha darini, mmoja mmoja, bila tarumbeta.