Nyumba Yangu Juu ya Mzani

Niliota usiku wa jana kwamba nyumba yangu ya hapa Morogoro imenitangulia kwenda ofisi ya kodi. Nikaifuata. Ilitembea taratibu kama mtu aliyejitwika mtungi, isije ikamwaga vyombo.

Nyumba hiyo naiuza milioni thelathini. Nataka kununua nyingine Kilosa, karibu na mwanangu Eufrasia, na wenye nyumba wanataka milioni ishirini na nane, hawapunguzi. Kodi ikizidi milioni mbili, Kilosa siendi, nitazeekea hapa peke yangu. Hesabu hiyo niliingia nayo mpaka ndotoni.

Afisa alikuwa mzani wa sokoni, umefunga tai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Iambie ipande. Usiogope, silipishi nyumba nzima. Nalipisha sehemu moja ya kumi ya kilichoongezeka tangu mliponunua. Mlinunua kwa ngapi?"

Sijafungua mdomo, karatasi ya mauziano ikajibu kwenye upindo wa kanga yangu. "Laki nane."

"Mwongo! Tulitoa milioni mbili."

"Mlitoa mbili, mkaniandika laki nane. Mzee Gaspari alisema tukiandika ndogo, na ada itakuwa ndogo. Mkacheka. Mimi nilikuwepo."

Gaspari ni marehemu mume wangu. Kweli tulicheka.

"Mimi nasoma kilichoandikwa," mzani ukasema.

Mara tuko juu ya paa, mimi na mzani na karatasi. Upepo unavuma, lakini tai haipepei.

"Hili bati limeota lenyewe kama uyoga?"

"Nililinunua."

"Risiti?"

Hapo nikatabasamu. Risiti nimezitunza miaka ishirini kwenye kopo la maziwa, Gaspari akinicheka kwamba nafuga takataka. Nikatoa ya bati. Ya saruji. Ya mbao. Ya milango, imeliwa na mende pembeni lakini tarakimu zinasomeka. Kila nikiweka moja, mshale unarudi nyuma. Milioni kumi nzima zikatoka kwenye lile ongezeko.

Baraza likakohoa. "Mimi sina risiti. Nilijengwa na mashemeji kwa ubwabwa na maharage."

"Maharage hayana risiti," mzani ukasema. "Wewe umeota mwenyewe."

Baraza likaona haya.

Sasa tuko katikati ya mpunga, sijui shamba la nani. Nyumba imesimama majini mpaka madirishani.

"Haya, bibi. Unauza kwa ngapi?"

Mchana dalali wangu, Mrisho, alikuwa amenishauri, "Bibi, kwenye karatasi tuandike kumi tu. Nani atajua?" Basi nikasema, "Kumi."

Nyumba inaanza kunywea. Inakuwa chumba kimoja. Inakuwa kibanda cha kuku, miguu ya kitanda changu imetokeza dirishani.

"Mama," inaniita kwa sauti nyembamba, "mimi ni kumi?"

"Na mnunuzi wako siku akiuza," mzani unasema, "atasimama hapo ulipo na karatasi ya uongo. Atakutaja wewe, kama ulivyotajiwa mumeo."

Nikainama, nikaufuta mlango matope kwa kanga. Ulikuwa mdogo kama kiganja changu.

"Thelathini," nikasema. "Yote iandikwe."

Nyumba ikavuta pumzi. Ikatanuka, ikarudi ilivyokuwa na ziada kidogo. Mshale ukatikisika, ukatulia: kodi milioni moja, laki tisa na elfu ishirini. Nikahesabu kwa vidole. Kilosa naenda, na inabaki elfu themanini ya nauli na jogoo wa kumpelekea Eufrasia.

Nikaamka. Kabla ya chai nikampigia Mrisho.

"Andika thelathini."

"Bibi wee! Umeota nini?"

"Nimekwambia andika, mjukuu wangu."

Simu ingali mkononi, jirani yangu Mama Zefania akagonga dirisha.

"Bi Klotilda, mimi na wewe hatujawahi kugombana. Lakini hebu toka uone. Tuta langu la mchicha, hili la kwanza, liko wapi?"

Nikatoka. Ukuta wangu ulikuwa umekaa juu ya tuta lake. Majani machache ya mchicha yalichungulia chini ya msingi, bado yana umande.

"Nisamehe, jirani," nikamwambia. "Ilivuta pumzi mno."