Skrini ya Kushoto Iko Kulia

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba mimi, Bertha, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni mkoani Iringa, ndiye mshauri mkuu wa teknolojia katika steshenari ya Shangazi Tupokigwe, Uyole. Cheo hicho nilijipa mwenyewe siku ya pili ya likizo. Kazi niliyopewa ilikuwa kufagia na kubana karatasi kwa stepla.

Shangazi alikuwa anachapa historia ya ukoo wa Mwalimu Filemoni, mstaafu wa Iyunga. Mwalimu hakukubali kuyaachia madaftari yake kumi na moja, akatuma picha za kurasa kwa simu. Mwanzoni Shangazi alisoma mstari kwenye simu, akachapa, akarudi kwenye simu, akaruka aya nzima, shingo ikakakamaa. Kisha akapata skrini ya pili. Picha za daftari zikakaa kushoto, maandishi yake kulia, na kurasa kumi za siku zikawa ishirini na tano. Akaanza kuimba akichapa. Ilikuwa furaha isiyovumilika kwa mtu aliyeshika ufagio.

Basi Jumatatu, alipotoka kununua chai, niliingia kwenye mipangilio nikaiambia kompyuta kwamba skrini ya kushoto iko kulia. Ni hilo tu. Tangu hapo, ukisukuma mausi kulia ili uhamie skrini ya kulia, mshale unagonga ukuta. Lazima usukume kushoto, mshale uzame huko na kuibukia mwisho kabisa wa kulia.

Saa ya kwanza nilichekea nyuma ya mashine ya fotokopi.

Jumatano Shangazi hakuimba. Alisukuma mausi, akasimama, akautazama mkono wake. Kurasa zilishuka hadi nane.

"Bertha mwanangu," aliniita taratibu, "huu ni mkono gani?"

"Wa kulia, Shangazi."

"Haya. Nilitaka kuhakikisha."

"Uzee huo unabisha hodi."

Hakucheka. "Bibi yako alianza hivihivi. Ukimwambia pita kulia, anapita kushoto. Sisi tukawa tunamtania, kumbe mwenzetu anaumwa. Mwaka uliofuata hakunijua jina." Alivua miwani. "Nitampigia Mwalimu aje achukue kazi yake. Kesho naenda hospitali wanipime kichwa."

Shangazi ana miaka arobaini na sita.

Nikapanga kurekebisha kimyakimya. "Pumzika kidogo, Shangazi. Nikumalizie huu ukurasa."

Akanipisha, lakini hakwenda mbali. Alisimama nyuma yangu na kikombe chake. Nilihitaji kufika skrini ya kulia, na mkono wangu, kwa kuwa kosa lilikuwa langu nao ulilijua vizuri, ukasukuma mausi kushoto. Mshale ukazama, ukaibukia kulia, safi kabisa.

"Umejuaje?" Shangazi aliuliza.

"Nini?"

"Kwamba kwenda kulia unaanzia kushoto. Mimi siku ya tatu leo nahangaika. Wewe umekaa sasa hivi."

"Itakuwa virusi, Shangazi. Siku hizi vimezidi."

"Virusi hivyo viko kidato cha ngapi?"

Nilitazama kibodi. "Cha tatu."

Nje lori lilikuwa linabadilisha gia.

"Niliigeuza Jumatatu ulipokwenda kununua chai," nilisema. "Nilitaka uache kuimba."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika. Nilidhani anacheka, nikaanza kutabasamu. Hakuwa anacheka.

Nikapiga magoti pale kwenye vipande vya karatasi ambavyo sikuwa nimevifagia. "Ni mimi, Shangazi. Si ugonjwa wa Bibi. Mkono wako ulikuwa unakwenda sawasawa siku zote hizi. Ni mimi."