Upepo Mwekundu wa Stamenka

Kijijini kwetu mguu ukivimba na kuwaka moto tunasema umepigwa na upepo mwekundu, na upepo huo hufungwa kwa kitambaa chekundu. Mfungaji ni Stamenka. Kitambaa chake hakifunguliwi mpaka Jumapili, na ni mwiko kuchungulia, maana upepo ukionwa huhamia moyoni. Wengi walipona. Wengine wangepona hata bila yeye, lakini nani angemwambia?

Msimu wa kuchuma plamu, mwiba ulimkwaruza yeye mwenyewe kwenye shavu la mguu. Vijidudu vikaingia, na mwili ukafanya kazi yake: damu ikakimbilia pale, ngozi ikawa nyekundu, ikapata moto, ikauma. Mkwewe Ljubinka, mke wa mwanawe, akataka waende hospitali. Stamenka akamuuliza tangu lini mganga akapanga foleni na wagonjwa wake. Kiburi tu, na kiburi hakina dawa.

Kitambaa chake cha zamani kilikuwa kimechakaa. Akanunua kipya gulioni, akajifunga mwenyewe. Homa ikampanda, jasho likamtoka, kitambaa kikachuja rangi mpaka kwenye shuka. Ljubinka alipotazama kando ya kitambaa aliona ngozi ina wekundu uleule, akajipa moyo kwamba angalau haujabadilika.

Ijumaa maumivu yakakatika ghafla. Stamenka akaomba supu na rakia kidogo, ile pombe kali ya plamu, akamtania mkwewe kwamba amenuna kama aliyenyimwa urithi. Ljubinka akainama kumfunika mguu, akasikia harufu. Hakubishana tena. Alimwita jirani mwenye gari, wakambeba bibi huku akiwatukana wote wawili.

Hospitalini daktari alifungua kitambaa, akauosha mguu. Maji kwenye beseni yakawa mekundu kwa rangi ya kitambaa. Mguu wenyewe haukuwa mwekundu. Ulikuwa wa kijivu, na mahali pengine zambarau iliyokolea. Daktari akaubonyeza kwa kidole.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu," alisema Stamenka, akamgeukia mkwewe. "Si nilikwambia? Umepona."

"Mama, haujapona," daktari alisema. "Ule moto na yale maumivu ilikuwa ni mwili wako unapigana. Hapa umeshindwa. Nyama imekufa."

Stamenka akauliza kwa sauti ndogo watakata kuanzia wapi.

Daktari alianza tena kubonyeza, akipanda polepole. Kwenye kifundo, kimya. Katikati ya mguu, kimya. Chini ya goti, kimya, na Ljubinka akashika ukingo wa kitanda kwa hofu kwamba kidole kile hakitapata pa kusimama.

Juu kidogo ya goti Stamenka akapiga yowe lililosikika mpaka uani, akamtukana daktari na ukoo wake mzima. Ljubinka akalia kwa furaha. Daktari akatoa kalamu, akachora mstari hapohapo.